Treni ya Kobalti

Kweli ya Mungu, na asiyeamini aende Kapolowe akaulize: ndivyo Alphonse alivyoanza asubuhi ile, rozari mkononi, ameketi ukingoni mwa kitanda cha hospitali. Aliyelala pale ni Laure, mjukuu wake wa miaka tisa. Uvimbe mbaya ulikuwa ukimkulia haraka ndani ya kichwa. Jicho moja lilikwisha kupinda, na kila akiamka alitapika.

Daktari Camille alikuwa amemweleza mzee bila kumzungusha. Kichwa kingefunguliwa, kisha kingechomwa kwa mionzi ya mashine ya kobalti, na hata hapo ingekuwa bahati tu. Mashine hiyo nchini haimo, na tangu kampuni ya madini ianguke hakuna tena mtoto wa mfanyakazi anayepelekwa ng'ambo. Kulibaki tembe za kupunguza uvimbe, zimpe nafuu kidogo. Kumwambia mtoto ukweli au kumficha, hilo ni la familia. Gertrude, mama yake Laure, hakuweza. Likamwangukia Alphonse, mtu ambaye hata akikuambia mvua inanyesha, unatoka nje kwanza ukahakikishe.

Kobalti aliiyeyusha maisha yake yote, kiwandani, karibu tu na hospitali ile. Basi akasimulia. Ile aliyoimwaga kwa mkono wake, alisema, ilikwenda Ulaya ikatiwa ndani ya mashine ya kuponya vichwa, na sasa mashine inarudi kumtafuta fundi wake. Iko kwenye treni. Tangu jana imesimama stesheni ya Kapolowe, na wamama wa misheni wanaiimbia.

Laure alisikiliza macho yamefumbwa, kisha akamwuliza babu yake:

"Kambo, jana mama alitoka Kapolowe na mufuko ya bunga ku kichwa. Kwa miguu. Kama treni iko, juu ya nini hakupanda?"

Babu akacheka: amenaswa. Nyumbani kwao msimuliaji akinaswa kwa uongo hulipa: aliyemnasa anauliza swali moja, naye anajibu bila kupamba. Miaka yote Laure alikuwa akiuliza pipi zimefichwa wapi.

"Lipa," akasema.

"Uliza, bibi yangu," akajibu mzee, kama alivyozoea kumwita mjukuu wake.

"Minye nitapona?"

Alphonse akageukia mlango. Gertrude alikuwa amesimama pale na bakuli la uji, hasogei. Mzee akaiweka rozari kitandani, akaushika mkono wa mtoto.

"Hapana, bibi yangu. Kichwa kitakuuma, tutakupa dawa, na minye sitatoka hapa."