Miale ya Pembeni

Kaliza alikuwa amezoea maswali ya wagonjwa: kama mionzi inauma, kama nywele zitanyonyoka, kama mtu anaruhusiwa kulala na mumewe akishatoka kwenye mashine. Asubuhi ile Iteka hakuuliza lolote. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha matibabu, mkono wa kushoto ukiwa kwenye bendeji, akasema kwa sauti ya chini:

"Dada, iko kitu lazima ujue. Nina mimba."

Iteka aliuza vitenge Gitega, mtaa wa Kigali. Utotoni, huko Bujumbura, aliunguzwa mkono na mafuta ya moto, na kovu lile likakaa kimya miaka mingi kabla ya kugeuka saratani. Madaktari walilikata, kisha wakaagiza mionzi ya kumalizia mabaki. Alipimwa mimba kabla ya kuanza, haikuonekana. Sasa alikuwa katikati ya matibabu. Yeye na mumewe Libère walikuwa wamemsubiri mtoto mpaka ndugu wakachoka kuwauliza.

Kaliza alikuwa mwanafizikia wa hospitali hiyo ya Kigali. Kazi yake ilikuwa kuhakikisha mionzi inafika pale ilipoamriwa, kwa kiasi kilichoamriwa. Alikulia Mwanza, na Kinyarwanda chake kilikuwa bado kinachechemea. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha yeye na Iteka tangu siku ya kwanza. Alisimamisha matibabu ya siku hiyo na kwenda kumwona Daktari Bayingana, aliyemtibu Iteka.

Daktari alimsikiliza vizuri. Alimkumbusha kwamba miale ya elektroni haizami mwilini, ndiyo maana huchaguliwa kwa magonjwa ya ngozi, na kwamba tumbo liko mbali na mkono. Mimba haikuwa hatarini. Amwambie mama wa watu asiwe na wasiwasi, matibabu yaendelee. Kaliza alijua kwamba daktari huenda yuko sahihi. Lakini alijua pia kuwa kila mashine humwaga mionzi kidogo pembeni, mingine ikipenya kuta za ile koni ya chuma inayoelekeza miale, mingine ikitawanyika hewani. Vitabu vilitaja kiasi. Vitabu, hata hivyo, havikuwahi kuipima mashine hii, na mkono huu ukiwa umelazwa hivi.

"Nitamwambia," alisema. "Ila nipime kwanza."

Wagonjwa walipokwisha, alipanga vipande vya plastiki kitandani vikawa kama kiwiliwili cha mtu, akavibandika vipimo vidogo vya mionzi mahali tumbo lingekuwa, akawasha mashine kama ilivyowashwa kwa Iteka. Akasoma majibu. Mionzi iliyofika tumboni ilikuwa kama mara mbili ya ile ya vitabuni. Bado ilikuwa chini kabisa ya kiwango kinachowatia madaktari hofu, lakini haikuwa ile aliyoitarajia. Alipima tena, akaona sababu: ubavu mmoja wa koni ulivuja zaidi, na ubavu huo ndio ulioelekea tumboni. Akageuza koni, akausogeza mkono mbali na kiwiliwili, akasimamisha katikati bamba la risasi, madini mazito yanayozuia mionzi. Safari hii kipimo kilishuka mno. Hakikufika sifuri.

Kesho yake Iteka alikuja na Libère. Kaliza aliwaeleza yote, pamoja na lile la mara mbili, ingawa alijua angeweza kulinyamazia na pasiwe na mtu wa kumuuliza. Libère aliinamisha kichwa. Iteka alitaka kujua ingekuwaje akiacha mpaka ajifungue. Daktari Bayingana alijibu bila kuzunguka kwamba ugonjwa ule ukirudi, huenda ukachukua mkono, na pengine usiishie hapo.

"Na wewe, dada?" Iteka alimgeukia Kaliza. "Ungekuwa mimi?"

Kaliza alitamani kusema hakuna kitu. Ni maneno mepesi, na yangempa usingizi mwanamke yule.

"Ningeendelea," alisema. "Na ningeogopa kidogo."

Iteka alimwomba Libère amshikie mkoba, akaingia chumba cha mashine. Tangu siku hiyo mpaka mwisho, Kaliza mwenyewe ndiye aliyesimamisha bamba la risasi kabla ya mlango kufungwa.

Mkono ulipona. Mtoto alizaliwa wa kike, mzito, mwenye sauti. Kaliza alikwenda kumwona huko Gahanga, pembezoni mwa Kigali, ambako familia ilikuwa imehamia. Walipobaki wawili, Iteka alimuuliza kama kuna kitu kitakachokuja kumtokea binti huyu baadaye kwa sababu ya mionzi ile. Kaliza alisema uwezekano ni mdogo sana, mdogo kiasi kwamba hata mtoto akija kuugua siku moja, hakuna atakayeweza kusema ni hiyo au siyo hiyo.

Iteka alifikiri. Hakuonekana kufarijika wala kuudhika. Alimfungua mtoto mgongoni, akamfuta mdomo, akamwekea Kaliza mapajani, kisha akaenda kutazama maharagwe jikoni.