Alama Moja kwa Kikundi Kizima

Alikuwa akimvalisha mtoto wa mama yake mdogo viatu huku akijikumbusha moyoni njia za kuzuia kipindupindu, hata akafunga kamba vibaya. Mtoto akalalamika. Akafungua, akafunga tena.

"Ukitoka huko chuoni uje moja kwa moja," mama mdogo alisema kutoka jikoni. "Mimi nikichelewa kazini, hawa watoto wanabaki na nani?"

"Sawa, mama."

Ndivyo ilivyokuwa kila siku. Kulala bure kwa watu si bure, jamani. Wenzake wa kikundi walikutana jioni bwenini, saa ambayo yeye alikuwa akiogesha watoto. Kwa hiyo alisoma peke yake, jikoni, sufuria ikichemka. Alisoma kweli, si utani. Ila hakuwahi kuyatamka yale mambo mbele ya mtu, na hilo ndilo lililomnyima usingizi. Alikuwa amechelewa kujiunga na darasa hili, vikundi vimeshaundwa, mwalimu akamchomeka tu kwenye hiki. Wakamwita Mgeni. Sasa mwaka unaisha, na bado ni Mgeni.

Na huo mtihani wenyewe wa leo, wa mdomo! Wanafunzi mamia, mwalimu mmoja, na chuo hakina habari ya kumuongeza mwingine. Basi wakabuni njia ya mkato: kikundi kinaingia, mwalimu anamnyooshea kidole mmoja, anachopata huyo wanapata wote. Somo hili Mgeni alishalifeli mara moja, mwaka jana. Akilifeli tena, anafukuzwa chuo.

Nje ya ofisi ya mwalimu, kiongozi wa kikundi, waliyemwita Profesa kwa sababu ya miwani na maneno mengi, alimvuta kando.

"Mgeni, usinielewe vibaya. Leo usiingie. Tutasema unaumwa."

"Kwa nini?"

"Sisi tumefanya mazoezi wiki nzima. Akikuchagua wewe je?"

"Nimesoma."

"Umesoma na nani?"

Mgeni akautazama mlango wa ofisi.

"Hebu mwache," alidakia msichana mwenye chumba wanachosomea. "Asipoonekana anapewa sifuri, unajua vizuri."

"Na sisi tukipewa sifuri kwa ajili yake?"

Walivutana hivyo hadi mlango ukafunguliwa. Mgeni alitamani kweli kurudi nyumbani. Akaingia nao.

Mwalimu alikuwa amechoka, chai yake imepoa mezani. Akawatazama wote sita, kisha kidole kikanyooka.

"Wewe. Mtaa umeingiwa na kipindupindu. Unaanza na maji au vyoo?"

Mgeni alifungua mdomo akidhani hakitatoka kitu. Kikatoka. Sauti ilikwaruza, lakini alieleza maji, akaeleza vyoo, akaeleza kwa nini. Nyuma yake alimsikia Profesa akishusha pumzi.

"Vizuri," mwalimu alisema. "Na kwenye kikundi mlibishana wapi? Kikundi kisichobishana hakijasoma. Nani alikataa nini?"

Hilo halikuwa kitabuni. Mgeni akawageukia wenzake. Profesa alimtolea macho. Angeweza kudanganya, lakini uongo nao unataka mazoezi.

"Tulibishana hapo nje, mwalimu."

"Kuhusu maji?"

"Hapana. Kuhusu mimi. Kama niingie au nisiingie."

Mwalimu akawatazama mmoja mmoja. Alionekana kama mtu anayetaka kuuliza jambo. Kisha akachungulia mlangoni, akaona vikundi vingine vimejazana ukumbini, akaandika alama moja, ya wote, bila kuwaonyesha.

"Mkitoka, waiteni wanaofuata."

Hawakuwa wamefika hata kwenye ngazi Profesa alipolipuka. "Umetuua, Mgeni! Tulikuwa tumeshapita! Umetuua sote!"

Mgeni alimfikiria mama yake mzazi, ambaye kila anayekutana naye lazima aambiwe kwamba mwanangu yuko chuo kikuu. Atamwambia nini?

"Sote?" aliuliza.

"Ndiyo, sote! Sita!"

"Basi," alisema Mgeni, "leo ndiyo mara ya kwanza mmenihesabu."