Rota Iliyokerezwa

Binti wa fundi mkuu alimtazama shemeji yake akiiwasha mota, akajizuia asicheke. Mume huyo wa dada yake, ambaye karakana nzima ilimwita Mtaalamu, alikuwa amevaa koti jeupe kana kwamba amekuja kupasua watu.

Kiwanda cha mbao kilikuwa kimeleta mota mbili za aina moja, rota za zote mbili, vile vyuma vinavyozunguka ndani, zikikwaruza stata, ganda lisilozunguka. Fundi mkuu, mzee wao, aliwagawia: moja binti yake, moja mkwewe. Ambaye mota yake ingefanya kazi vizuri zaidi ndiye angepewa usimamizi wa karakana. Mwanamke aliyesuka nyaya za mota kwa miaka kumi na tisa, akashindanishwa na mtu aliyeshika koleo kama anayeshika mkia wa panya!

Mtaalamu aliipeleka rota yake kwenye mashine ya kukereza, akaipunguza milimita mbili ili, kwa maneno yake, ipate kupumua. Binti alibadilisha beringi zilizolika na kuiacha rota ikilegea, kisha akaitengenezea rota yake fito za shaba, inayopitisha umeme vizuri zaidi, mahali pa zile za aluminiamu.

Sasa mota ya Mtaalamu ikazunguka kimya. Akajipigia makofi.

"Umesikia, shemeji? Haikwaruzi tena."

"Hata mota iliyokufa haikwaruzi. Shika mita ya umeme usome."

Mita ilisoma ampea kumi na nne, na msumeno wa kiwanda ulikuwa haujafungwa kwenye mota yake. Ya binti, huku ikizungusha msumeno, ilisoma tisa. Binti alieleza polepole, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu, kwamba pengo kati ya rota na stata likipanuka, mota hula umeme bure na kujipasha moto. Harufu ya vanishi ya nyaya inayoungua ilimalizia maelezo.

Mtaalamu alifuta jasho. "Baba ndiye aliyeniambia nikereze. Anasema ndivyo alivyofanya siku zote."

Binti alimgeukia baba yake. Mzee alikuwa akikagua kucha zake. Kumbe ndiyo sababu mota zote zile alizozikereza miaka yote zilirudishwa zimeungua, na wateja wakakaripiwa kuwa hawajui kutumia vyombo!

"Kuanzia kesho utasimamia wewe, mwanangu," mzee alisema.

"Nitasimamia. Ila hakuna rota itakayokerezwa bila idhini yangu. Hata na wewe, Baba."

Mzee aliitikia kwa kichwa. Kisha akaenda mwenyewe kuizima mota iliyoanza kufuka moshi, na binti hakusogea hata hatua moja kumsaidia.