Nzi Waliozima Taa

Mama aligoma kurudi kwenye matibabu ya mionzi, na kilichoponza mambo ni mdomo wa binti yake mwenyewe. Binti huyo kazi yake maabara ni nzi wa matunda: huwapiga mabuu yao mionzi, kisha hutafuta mahali DNA ilipokatika. Siku moja mezani akanogewa na hadithi za kazini, akajisahau. "Mama, mionzi inaikata DNA kama mkasi!" Mama, mwenye uvimbe kwenye titi, akaweka kijiko chini taratibu. Tangu hapo hospitali hakanyagi.

Binti alibembeleza hadi akachoka. Mwisho akamshika mkono, wakaenda maabara.

"Mh! Mimi kutwa nafukuza nzi jikoni, kumbe mwanangu analipwa kuwalisha?"

"Chungulia hapa, Mama. Usiegemee meza."

Chini ya hadubini palikuwa na kijinyama cha buu, kile ambacho kingekuja kuwa bawa. Kilikuwa kimelowekwa kwenye rangi ing'aayo, inayong'ang'ania tu pale DNA ilipoumia.

"Ala! Nyota tele! Zinapendeza."

"Kila nyota ni jeraha, Mama. Hawa wametoka kwenye mionzi sasa hivi."

Binti akaweka kioo chenye kijinyama kingine.

"Hawa nao walipigwa vilevile, ila niliwaacha wale chakula, walale, mpaka kesho yake."

"Mbona giza? Wamekufa, maskini." Akaondoa jicho. "Na mimi ndivyo nitakavyozimika."

"La, Mama! Wamejishona. Jeraha likiziba, rangi haina pa kushika."

Mama akarudisha jicho, akakaa nalo sana.

"Na mimi nitajishona?"

"Nzi si wewe, siwezi kukuapia. Ila mwili wako mzima unajua kushona. Ule uvimbe ndio fundi mbovu, ndiyo maana wanaupiga huo."

Mama akakohoa kidogo, kama afanyavyo akitaka kuchokoza.

"Haya, tegua kitendawili: nyumba yangu ikiumwa huwasha taa, ikipona huzima."

Jibu binti alikuwa nalo, lipo palepale chini ya hadubini. Lakini machozi yalimtangulia, akatikisa kichwa tu.

"Msomi mzima, umeshindwa? Nipe mji."

"Chukua wowote, Mama."

"Mji siutaki. Nipe hospitali. Na unipeleke wewe, maana nikiachwa peke yangu nitaishia kwenye maduka ya viatu."

Binti alikuwa keshavua koti lake jeupe la maabara.