Bwana wa Kwenye Wimbo

Mimi nilipookoka, sikuokoka nusu nusu. Siku ileile nilifuta nyimbo zote za kidunia kwenye simu, mia mbili na kitu, nyingi za mapenzi. Redio iliyo kando ya cherehani yangu nikaiweka stesheni ya injili, na wateja wanajua: ukitaka muziki wa kukata kiuno, peleka gauni lako kwa fundi mwingine.

Basi mwezi uliopita saluni ya jirani, ambayo ni ya mdogo wangu, ikapiga wimbo ulionifanya nisimamishe mashine katikati ya mshono. Sauti ya mama mmoja, na gitaa kwa mbali: "Bwana wangu, mlango sijafunga, njoo ukae nami." Mwili wote ulinisisimka! Nilishika ubeti wa kwanza na kiitikio palepale dirishani, maana mdogo wangu hamalizi wimbo, anarukia mwingine. Wiki mbili nikawa nauimba nikikata kitambaa, nikifua, nikipika. Hata baba watoto akaanza kukaa nami jikoni, anamenya vitunguu huku anatabasamu. Nikasema asante Mungu, injili imemgusa.

Nikaufundisha kwenye kwaya ya akina mama. Mchungaji akausikia mazoezini, akatupangia Jumapili, na mwimbishaji ni mimi. Miaka sita niko kwaya, sijawahi kuimbisha! Nilishona sare mpya kwa siku moja.

Jumamosi mchana mdogo wangu akaja kujaribu blauzi, akanikuta natoa kiitikio kwa sauti ya juu. Alicheka mpaka akakaa sakafuni.

"Dada! Unaimba hiyo kanisani? Huyo bwana ni mume wa huyo mama anayeimba!"

"Koma, we!"

"Kwani hujasikia ubeti wa pili?" Akaniwekea simu sikioni. *Bwana wangu, shati lako nimelipiga pasi. Bwana wangu, yule mwanamke wako ana nini?*

Nilipata joto hadi kwenye visigino. Kesho ningesimama mbele ya kanisa zima kumuuliza Mwenyezi Mungu habari za hawara! Nikampigia mwenyekiti wa kwaya, nikamwambia ukweli wote. Alicheka kumshinda mdogo wangu, kisha akasema tutaimba wimbo wetu wa zamani. Nikakata simu, nikarudi kwenye cherehani. Nilikuwa nimeahidi kuachana na nyimbo za kidunia, na huu wa saluni nilikuwa naupenda, jamani, naupenda sana.

Jioni, jikoni, baba watoto akauliza mbona leo siimbi. Nikamsimulia yote nikitegemea acheke. Hakucheka. Aliweka kisu chini.

"Kwa hiyo siku zote hizo hukuwa unaniimbia mimi?"

"Ulidhani ni wewe?"

"Sasa una bwana gani mwingine hapa?"

Iliniuma. Nilipofuta zile nyimbo sikukumbuka kwamba nyingi tulizisikiliza wawili, na tangu siku hiyo sikuwahi kumwambia neno tamu kwa sauti. Mungu hakuniomba hilo. Nilijiamulia mwenyewe.

Nikamwambia Mungu kimoyomoyo kwamba wimbo huu mmoja naubakiza, kama ana neno aniambie. Nikaanza ubeti wa kwanza, safari hii nikimtazama mume wangu usoni. Wa pili nikauruka, na kiitikio akakipokea yeye.