Nanasi Analala Ndani

Nafuna alimpata mtoto wa mbwa kwa ushonaji wa gauni moja. Gauni lenyewe lilikuwa la Ngendo, mke wa nyapara wa shamba moja la kahawa kule Ruiru, mama wa makamo aliyependa mikono mirefu na kola nyeupe. Siku alipolijaribu na kuona limemkaa vizuri, alimshika Nafuna mkono, akampeleka nyuma ya stoo, mahali mbwa jike wa shamba alipokuwa amelalia magunia pamoja na watoto wake watano.

"Ulisema unataka mbwa," Ngendo akasema. "Chagua."

Tangu asubuhi Nafuna alikuwa akitafuta maneno ya kumkumbusha, na sasa hakuyahitaji. Alipiga magoti kwenye vumbi. Mmoja wa wale watoto, wa kike, mwenye rangi ya manjano ya nanasi lililoiva, alikuja akaanza kutafuna kamba ya kiatu chake. Nafuna akamwinua, akausikia moyo wake ukienda mbio chini ya vidole. Wake mwenyewe ulikuwa unaenda mbio zaidi.

Ilikuwa Julai ya mwaka 1957. Nafuna alikuwa na miaka ishirini na mmoja, na miezi minne tu tangu atoke Kimilili kuja Thika kwa mumewe, Nicanor Wamalwa, aliyehudumia mitambo ya mvuke katika kiwanda cha kupakia mananasi mikebeni. Waliishi chumba kimoja kwenye laini za wafanyakazi. Kila wiki ya pili Nicanor aliingia zamu ya usiku, na Nafuna alibaki na cherehani yake na vitambaa vya wateja. Usiku mmoja wa mwezi Mei mtu alikata wavu wa dirisha, akaingiza fimbo, akavuta kitambaa cha watu. Nafuna alikuwa macho, lakini hakuthubutu hata kupumua. Tangu hapo alitaka ndani ya nyumba kuwe na mdomo unaoweza kubweka.

Ngendo alimsindikiza hadi stesheni ya Ruiru, akimfundisha njia nzima.

"Akiamka, mtoe. Akila, mtoe. Akicheza, mtoe. Mahali pawe pale pale kila mara, ajue harufu yake. Akimaliza, msifu kama mtoto aliyepanda darasa. Akikosea ndani, nyamaza, pangusa."

"Nisimchape, mama?"

"Ukimchapa atajifunza kukojoa usipomwona. Chini ya kitanda."

"Na usiku?"

"Usiku ndio kazi, msichana wangu. Atalia. Hajalala peke yake tangu azaliwe. Mweke kwenye sanduku karibu na mkono wako, na liwe dogo. Mbwa hapendi kuchafua anapolala, lakini sanduku likiwa kubwa, kona moja atafanya choo."

Kabla ya gari moshi kufika, Ngendo alimpa kipande cha gunia alichokikata kwenye kitanda cha yule mbwa jike. Harufu ya mama yake, alisema, ingemtuliza.

Safari ya Ruiru hadi Thika si ndefu, lakini Nafuna aliiona ndefu. Mbwa alikuwa ndani ya kiondo, chini ya khanga, na walipopita Juja alianza kulia. Mkagua tikiti akasimama.

"Kikapu chako kinalia," akasema.

Nafuna alifunua khanga. Yule bwana aliinama, akatazama kwa muda.

"Kuku nimeona humu, mbuzi pia. Huyu ni nini?"

"Ni mlinzi wa nyumba yangu."

"Mlinzi amelowesha kikapu, na maji yanakuja kwenye kiatu changu." Alirudi nyuma hatua moja. "Simama pale mlangoni naye mpaka Thika. Mimi sijamwona."

Nafuna alisimama mlangoni, upepo wa baridi ukimpiga usoni, akicheka peke yake. Hapo ndipo alipompa jina la Nanasi.

Nicanor hakucheka. Aliporudi kazini jioni alimkuta mbwa amelala juu ya soksi zake.

"Kwetu mbwa hulala nje," akasema.

"Kwetu pia. Lakini huyu ana wiki kumi tu, na baridi ya Julai hii itamuua. Tena mwizi alikuja dirishani, Wamalwa. Mbwa wa kutusaidia ni yule aliye upande huu wa dirisha."

Nicanor alifikiri. Hakuwa mtu mkali, ila alipenda sakafu kavu na usingizi. "Leo ni Jumanne," akasema mwishowe. "Wiki hii niko zamu ya mchana. Jumatatu naanza usiku, na nitakuwa nalala hapa mchana kutwa. Kama kufikia Jumamosi bado anakojoa ndani, Jumapili anarudi Ruiru."

Nafuna alikubali haraka mno, kabla hajaogopa.

Usiku wa kwanza alitia jiwe la moto kwenye kitambaa, akaliweka ndani ya sanduku la mbao pamoja na kile kipande cha gunia. Kando yake akaifunga saa ya mezani kwa taulo, ili mlio wake ufanane na moyo wa mbwa mama. Alizima taa. Kwa muda wa kuhesabu hadi ishirini kulikuwa kimya, naye akatabasamu gizani. Kisha Nanasi akainua kichwa, akalia kilio chembamba kilichopita ukuta wa mbao kama sindano.

Upande wa pili wa ukuta aliishi Kagwe, dereva wa lori la kiwanda, aliyeamka saa kumi za alfajiri kila siku. Aligonga ukuta mara tatu.

"Bwana Wamalwa, mmezaa?"

"Ni mbwa," Nicanor akajibu chini ya blanketi.

"Basi mnyonyesheni, watu walale."

Nafuna aliteremsha mkono sandukuni. Nanasi alikilaza kidevu chake kwenye kiganja chake, akahema, akanyamaza. Usiku ule Nafuna alilala ukingoni mwa kitanda, mkono ukining'inia mpaka ukafa ganzi, na hakuuondoa. Hata hivyo saa tisa usiku Nanasi aliruka nje ya sanduku, na Nicanor, alipoamka kunywa maji, alikanyaga ziwa dogo kwa mguu mtupu. Alifuta unyayo wake polepole, na upole ule ukamtia Nafuna hofu kuliko maneno.

Usiku wa pili aliitega saa ilie saa sita. Ikalia ndani ya taulo kama nyuki aliyefungiwa. Kagwe akapiga ukuta. Nicanor aliruka akidhani amechelewa kazini, akavaa suruali, akatwaa kofia na mkebe wa chakula, akafika uani ndipo akaziona nyota. Aliporudi alilala na kofia yake kichwani, akageukia ukuta.

Nafuna alikuwa tayari nje na Nanasi, kwenye nguzo ya mwisho ya ua. Siku zile za Hali ya Hatari hakuna aliyetoka usiku bila kuulizwa, na mara mwanga wa tochi ukampiga usoni.

"Simama. Nani?" Alikuwa Kisilu, askari wa laini, mzee mrefu mwenye koti la kufika vifundoni.

"Ni mimi, mzee. Nafuna wa Wamalwa. Na mbwa."

"Mnafanya nini?"

"Yeye anataka kukojoa. Mimi namngoja."

Kisilu aliishusha tochi. Wote wawili wakatazama. Nanasi alinusa nguzo, akazunguka mara mbili, akaketi nusu, na majani yaliyokuwa chini yake yakafuka mvuke kwenye baridi. Nafuna alimwinua juu kwa mikono miwili, akamsifu kwa Kibukusu kwa sababu Kiswahili hakikumtosha. Kisilu akacheka mpaka akakohoa.

"Kesho mnakuja saa ngapi?" akauliza.

Usiku wa tatu hakutumia saa. Alikunywa vikombe viwili vikubwa vya maji kabla ya kulala, haja yake mwenyewe imwamshe. Saa saba alitoka mbio, na Kisilu alikuwa tayari pale kwenye nguzo, taa yake imewekwa chini kama ya fundi. Saa kumi wakatoka tena. Asubuhi Nafuna alipiga magoti, akapapasa sakafu yote kwa viganja, hata chini ya kitanda. Ilikuwa kavu. Alipapasa tena, maana hakuiamini mikono yake.

Penye bomba la maji wanawake walikuwa wakimngoja na ndoo zao.

"Amekauka?" mke wa Kagwe akauliza.

"Kavu kabisa."

Habari ikaenda laini nzima kabla ya ndoo kujaa. Kagwe mwenyewe, aliporudi na lori mchana, alichungulia mlangoni kumwona huyo mwanafunzi.

Lakini furaha ile ilimfanya Nafuna ajisahau. Ijumaa alasiri alikuwa akishona gauni jeupe la kipaimara, cherehani ikikimbia, na Nanasi aliamka bila yeye kuona. Aliposikia, maji yalikuwa yamekwisha kuenea kwenye kitambaa cheupe kilichoshuka sakafuni. Alikifua mara tatu kwa sabuni ya mche, na alikuwa anakikausha kwa pasi ya makaa Nicanor alipoingia. Harufu ilimweleza yote.

"Nafuna," akasema kwa upole, "mimi sikasiriki. Lakini Jumapili ni Jumapili."

"Bado usiku mmoja."

"Bado usiku mmoja," alikubali.

Usiku ule manyunyu yalianza kupiga mabati. Nafuna alikunywa maji yake, akashusha mkono wake sandukuni, na alipofumba macho usingizi wa siku tatu ulimwangukia wote kwa pamoja. Haja haikumwamsha, wala mvua.

Aliyeamka ni Nicanor. Alisikia kitu kikikwaruza, polepole, kisha kikanyamaza, kisha kikakwaruza tena. Akawasha kiberiti. Nanasi alikuwa ametoka sandukuni mwenyewe na kusimama mlangoni, mguu mmoja juu ya ubao. Alimtazama Nicanor, akautazama mlango, akamtazama Nicanor tena, na akatoa sauti ndogo puani.

Kiberiti kilimchoma kidole. Nicanor alitafuta koti lake gizani, akafungua.

Kwenye nguzo, Kisilu alikuwa amejikinga kwa gunia. "Leo ni bwana mwenyewe," akasema.

"Ameniomba mlango," Nicanor akanong'ona.

"Amekuomba?"

"Kwa mguu. Hivi." Akamwonyesha.

Lakini Nanasi hakuwahi kuona mvua. Alijificha katikati ya viatu vya Nicanor na kutetemeka. Dakika zilipita. Maji yalimwingia Nicanor shingoni, na alijikuta amechuchumaa matopeni, amelitandaza koti lake juu ya mbwa kama mwavuli, akimbembeleza. "Haya, dada yangu. Haya, mama. Ni maji tu. Na wewe toa yako." Kisilu alizima tochi ili mbwa asione haya. Na hapo chini ya koti, hatimaye, Nanasi akachuchumaa.

Nicanor alirudi mbio. Alimtikisa mkewe begani, matone yakimdondokea usoni.

"Nafuna. Amka. Nanasi ameomba mlango."

Hakuwa amewahi kulitamka jina hilo. Nafuna aliketi wima. "Ameomba vipi?"

Alimweleza. Nafuna akamfanya aeleze tena, na mara ya tatu Nicanor akapiga magoti mlangoni na kukwaruza ubao kwa kucha zake, na Nafuna akajiziba mdomo kwa blanketi asipige vigelegele. Sakafu ilikuwa kavu. Hakuna aliyeweza kulala tena. Waliwasha jiko, wakachemsha chai, na Nanasi akapewa maziwa kwenye kifuniko cha mkebe.

Ukuta ukagongwa. "Kuna nini tena?" Kagwe akauliza.

"Ameomba mlango," Nicanor akasema.

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe. Mimi nilikuwa nimelala."

Wakamsikia Kagwe akimwamsha mkewe kumwambia.

Jumapili hakuna aliyepanda gari moshi. Nicanor alishinda nje na nyundo, akimtengenezea Nanasi sanduku jipya, na mara mbili siku hiyo walipangusa sakafu, kwa sababu mbwa wa wiki kumi ni mtoto bado. Nicanor alipangusa mara moja kati ya hizo mwenyewe. Jumatatu jioni alitwaa kofia na mkebe, akaenda zamu ya usiku, akageuka mara mbili kutazama mlango.

Nafuna alibaki na vitambaa vya watu, dirisha, na pumzi ndogo kando ya kitanda. Walitoka mara moja tu, saa saba. Baadaye alilala, na kilichomwamsha kilikuwa king'ora cha kiwanda. Mwanga ulikuwa umeingia chini ya mlango. Aligusa sakafu, akagusa sanduku, na Nanasi alikuwa akimtazama, mkia wake ukipiga mbao.

"Twende," Nafuna akasema.

Walikimbia pamoja hadi kwenye nguzo katika ukungu wa asubuhi, mwenye khanga na mwenye manyoya. Watu wa zamu ya usiku walikuwa wakirudi barabarani, na kati yao, mbali bado, Nicanor alitoka mstarini na kuanza kutembea haraka.

"Vipi?" akauliza kwa sauti kuu, mbele ya watu wote.

Nafuna aliinua mikono yote miwili, mikavu, juu kabisa, na Nicanor akaanza kukimbia.