Kunde ya Arobaini

Nchi ya Mashaurini imepakana mashariki na milima ya Kusitasita, magharibi na jangwa la Rasimu, na makao yake makuu ni mji wa Ngojangoja, ambao kuta zake zilianza kujengwa enzi za mababu na hadi leo hazijafika kiunoni, kwa sababu wajenzi wangali wakishauriana. Raia wake wanapenda hadithi kuliko chakula, na kila mmoja wao anakusudia kuandika riwaya. Kwa hiyo kila nyumba ina ubao ukutani, na juu ya ubao huo imeandikwa sentensi ya kwanza ya riwaya ya mwenye nyumba. Kila mwaka, msimu wa mavuno ukiisha, mwenyewe huubeba ubao wake hadi Jumba la Nasaha, ambako washauri huikagua sentensi, huondoa neno moja, huongeza jingine, kisha humwamuru arudi mwakani. Wakati wa kisa hiki nchi ilikuwa na sentensi za kwanza elfu kumi na mbili, zote laini na zenye mizani, wala haikuwa na ya pili hata moja. Ujanani mwangu niliyahesabu mambo hayo kuwa hekima, na leo naona aibu kusema hivyo.

Washauri hawakuwa wajinga. Walijua mengi, ila kila mmoja alijua lake. Wa kwanza alifundisha kwamba hadithi ianze katikati ya tukio. Wa pili, kwamba ianze na nasaba ya mhusika hadi babu wa saba. Wa tatu aliharamisha mvua katika ukurasa wa kwanza. Na wa nne aliharamisha kifo cha mpendwa katika ukurasa wa mwisho, akidai kwamba msomaji aliyelizwa harudi tena. Nasaha hizo zikakusanywa zikawa sheria, na sheria ikazaa adhabu. Mtu akiandika sentensi ya pili bila idhini, kazi yake husomwa hadharani na Mhesabu Makosa. Kwa kila kosa hutiwa kunde moja katika bakuli la shaba. Na kila ukurasa ukisha kuhesabiwa huchomwa katika seredani ya makaa papo hapo, ili kosa lisienee. Kunde zikitimia arobaini, vidole vitatu vya mwandishi, vile vishikavyo kalamu, hufungwa kwa uzi na kupigwa lakiri, visifunguliwe mpaka kaburini.

Adhabu hiyo ndiyo iliyomkabili Jitihada binti Dhiki, msusi wa mikeka wa mtaa wa Unyonge, ambaye vidole vyake ndivyo vilivyomlisha. Alikuwa na dada mmoja, Faraja, mvunaji wa chumvi, aliyefariki kwa homa. Mwaka wa tatu baada ya mazishi, Jitihada alijaribu kukumbuka jinsi dada yake alivyokuwa akicheka, asiweze. Akaingiwa na hofu kubwa kuliko ile ya msiba wenyewe, akashika kalamu. Aliandika kurasa thelathini bila kumwuliza mtu. Nakala ilikuwa hiyo moja tu, na jirani aliyemchungulia dirishani akaenda kumshtaki.

Siku ya hukumu uwanja ulijaa. Kadhi Taratibu aliketi juu. Chini yake alisimama Kasoro bin Dosari, Mhesabu Makosa, ambaye sentensi yake mwenyewe ilikuwa imekaguliwa mara ishirini na tisa.

"Binti Dhiki," kadhi aliuliza, "unakiri kuandika sentensi ya pili?"

"Nakiri, mheshimiwa kadhi, na ya tatu, na zilizofuata."

"Nani alikupa idhini?"

"Sikumwomba mtu. Nilichelea kwamba nikingoja idhini, nitakuwa nimemsahau ninayemwandika."

"Haraka haraka haina baraka."

"Ni kweli, mheshimiwa. Na ngoja ngoja huumiza matumbo."

Watu wakaguna. Kadhi akaashiria kusoma kuanze.

"Ukurasa wa kwanza una mvua," Kasoro akatangaza, na kunde ikalia ndani ya shaba. "Nasaba haikutajwa." Ikalia ya pili. "Neno 'ghafla' limekuja mara nne." Zikafuatana nne, na ukurasa ukatiwa motoni. Jitihada aliutazama ukijikunja, akauma mdomo. Haki isemwe: mengi katika hayo yalikuwa makosa kweli, na yeye mwenyewe aliyajua. Ukaungua ukurasa ambamo Faraja alitia chumvi katika chai ya wageni waliokuja kumposa Jitihada, akacheka mpaka akakaa chini. Ukaungua ule ambamo Jitihada alimtukana kwa ajili hiyo, wakanuniana. Ukurasa wa kumi na nane ulipoteketea, bakuli lilikuwa na kunde thelathini na tisa. Askari akaukunjua uzi, na lakiri ikaanza kuyeyushwa.

Kasoro akachukua kunde ya mwisho, akasoma huku akitafuta pa kuitia. Hazikupita sentensi tatu, neno moja likarudiwa mara mbili. Uwanja mzima ulilisikia. Kasoro alisita, akaendelea kusoma. Katika ukurasa wa ishirini na mbili mzee mmoja aliingia kisani bila utangulizi, na mkono wenye kunde ukabaki hewani. Faraja alikuwa ameanza kuugua. Jitihada, angali na hasira, alikuwa amekwenda soko la mbali bila kumuaga. Na hapakuwa na mtu uwanjani asiyetaka kujua kama atawahi kurudi. Kurasa ziliendelea kuungua, maana sheria ni sheria, lakini askari alizitia motoni polepole na uso ameugeuza.

Kasoro akafika ukurasa wa thelathini, akausoma hadi mwisho. Humo Jitihada alirudi kutoka sokoni na kitambaa cha kumpatanisha na dada yake, akaukuta mlango umejaa watu.

"Binti Dhiki," Kasoro akasema, na machozi yalikuwa yakimtoka bila kificho, "ungepungukiwa na nini kumpa siku moja zaidi? Kalamu ilikuwa mkononi mwako."

"Nilimpa, bwana. Mara ya kwanza niliandika kwamba alipona, tukapatana. Nikasoma, nikaona huyo aliyepona si dada yangu. Nikauchana ukurasa."

Kadhi akagonga meza. "Mhesabu Makosa! Kifo hicho ni kosa au si kosa?"

"Kwa sheria ni kosa, mheshimiwa."

"Basi tia kunde."

Kasoro akaitazama ile kunde, akaitia kinywani, akaitafuna. Ilikuwa mbichi na ngumu, na mlio wake ulisikika hadi nyuma.

"Kunde zimekwisha, mheshimiwa," akasema.

Kadhi Taratibu, ambaye maishani hakuwahi kuongeza wala kupunguza herufi ya sheria, aliliomba bakuli, akahesabu mara mbili. "Thelathini na tisa," akasema. "Sheria inataka arobaini. Mshtakiwa aende zake."

Hakuna aliyeshangilia. Jitihada alipokea ukurasa wa mwisho, uliobaki bila kuchomwa, akapiga magoti mbele ya seredani, na hapo ndipo alipolia kwa kwikwi, kwa kuwa vidole vyake vilikuwa huru na dada yake alikuwa majivu. Kasoro akaja akachutama kando yake.

"Nimezisoma kwa kinywa changu," akasema. "Nyingi ninazikumbuka."

"Mimi ninaikumbuka chai," mwanamke mmoja akaita kutoka umatini, na wengine wakaanza kusogea, kila mmoja na kipande chake.

Jitihada akafuta macho, akatoa kifuani karatasi tupu, akaikunjua juu ya goti.

"Semeni mnavyokumbuka," akawaambia, "lakini msimpambe."